Mwosha Huoshwa: Fundisho la Kuwasitiri Wazee Wanapotunzwa

Masomo ya kusomwa kwanza: Mwanzo 9:20-23, Yohana 13:1-15, Yohana 21:18-19, 1 Wakorintho 12:22-26.



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja mbele ya wengine, nalo ni uchi wa mzee asiyeweza tena kujiogesha mwenyewe. Mtu huyu tangu utoto wake alioga peke yake, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alizaa wana, akajenga nyumba, pengine alikuwa mzee wa kanisa au mwalimu. Sasa nguvu zimemwishia. Mtu mwingine, mara nyingi kijana aliye sawa na mjukuu wake, humvua nguo, humwosha, humbadilishia nepi, humketisha chooni na kumpangusa. Je! katika saa hiyo heshima ya mzee hukaa wapi? Nani aliyekabidhiwa kuilinda?

Mtu asidhani ya kwamba jambo hili ni la nchi za mbali tu. Ni kweli, kwetu wazee wengi hutunzwa na jamaa zao, na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yasema vivyo hivyo, ya kwamba jamaa na jumuiya ndio wenye wajibu wa kwanza, na makao ya wazee ni kimbilio la mwisho. Lakini makao hayo yapo: Nunge karibu na Dar es Salaam, Kolandoto huko Shinyanga, Njoro huko Moshi, na mengineyo, mengine ya serikali na mengine ya makanisa. Tena vijana wetu, wa Tanzania na wa Kenya, hufanya kazi ya kuwatunza wazee huko Ujerumani, Uingereza na Marekani, ambako wazee wengi sana hukaa katika nyumba za namna hii. Na hata yeye asiyetoka kijijini kwake atamwogesha mama yake siku moja. Kwa hiyo fundisho hili ni letu sote.

Wala hatutaki kufundisha kama watu wasiokosa. Siku moja sisi wenyewe tulikwenda pamoja na kwaya kuwazuru wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia. Tulichukua sabuni, sukari na vitenge. Tulifika mapema kuliko saa tuliyoagana, tukapita katika ujia tukiimba, na mmoja wetu akausukuma mlango wa chumba. Ndani yake bibi mmoja alikuwa akiogeshwa, wala hapakuwa na shuka juu yake. Mwuguzi alishtuka. Bibi hakusema neno, ila aliugeuza uso wake ukutani. Tukarudi nyuma, tukajifanya kama watu wasioona kitu, tukaendelea kuimba katika chumba cha pili. Baadaye, tulipompelekea sabuni yake, alitushukuru, kisha akasema kwa upole, “Wimbo wenu nimeusikia, wanangu. Hodi yenu sikuisikia.” Tangu siku ile neno hili latuhukumu, nalo ndilo lililotufanya tuandike haya.

I. WANA WALIOKWENDA KINYUMENYUME

Kitabu cha Mwanzo chatueleza ya kuwa Nuhu alilewa divai, akalala uchi hemani mwake. Hamu alimwona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Lakini Shemu na Yafeti walitwaa nguo, wakaiweka mabegani mwao wote wawili, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao, nyuso zao zikiwa zimeelekea upande mwingine.

Kwanza tuwaonye wasomaji: zamani watu wengine walilipotoa somo hili wapate kuwadharau mataifa ya Afrika na kuhalalisha utumwa. Huo ni uongo. Somo lenyewe halisemi neno lo lote juu ya rangi ya watu. Sisi tutazame yale wana waliyoyatenda mlangoni pa hema.

Tazameni mambo manne. La kwanza, Nuhu alikuwa na kosa lake mwenyewe, maana hakuugua, alilewa. Hata hivyo wanawe wawili hawakuuliza kama astahili kufunikwa. Basi kusitiriwa si mshahara wa mzee mwema. Mzee mwenye matusi, mzee aliyelewa ujana wake wote, mzee asiyetushukuru, naye pia hufunikwa.

La pili, Hamu alikosa kwa macho na kwa kinywa. Aliona, kisha akatoka nje akasema. Pengine mtu huona pasipo kukusudia, kama sisi tulivyoona siku ile. Lakini habari ikitolewa nje, aibu ya chumba kimoja yageuka kuwa aibu ya nyumba nzima. Siku hizi Hamu hana haja hata ya kutoka nje, kwa maana simu yake ya mkononi yatoka kwa niaba yake.

La tatu, Shemu na Yafeti walitwaa nguo kabla ya kuingia. Hawakuingia kwanza, ndipo watafute cha kumfunikia. Kila mwuguzi mwenye busara ajua jambo hili: taulo, shuka na nguo safi huwekwa tayari kabla ya kumvua mgonjwa, ili asiachwe wazi mtu akienda kutafuta sabuni.

La nne, waliyageuza macho yao. Mtu atasema, “Anayeosha hawezi kwenda kinyumenyume, sharti atazame.” Ni kweli. Lakini yako macho yatazamayo kazi, na yako macho yatazamayo mtu ili kumchunguza au kumcheka. Mzee azijua tofauti zake mara moja, hata kama hawezi tena kusema.

II. BWANA MWENYE TAULO

Katika Injili ya Yohana twasoma jinsi Bwana wetu alivyoondoka mezani, akaweka nguo zake kando, akajifunga kitambaa, akatia maji katika chombo, akaanza kuwatawadha wanafunzi wake miguu. Tumezoea kufundisha hapa juu ya unyenyekevu wa yeye aoshaye. Leo tumtazame Petro, yeye aoshwaye.

Petro aliona haya, akakataa kabisa. Bwana hakumshika miguu kwa nguvu. Alisema naye, akamweleza kwa nini imempasa kuoshwa. Ndipo Petro akakubali, hata akapita kiasi, akataka mikono na kichwa pia vioshwe. Bwana akamjibu ya kwamba miguu yatosha. Angalieni basi: aliuliza na kujibu kabla ya kuosha, tena hakuosha zaidi ya palipohitaji kuoshwa. Mtunzaji wa wazee akiyashika hayo mawili tu, atakuwa amejifunza nusu ya kazi yake.

Tena Petro huyo huyo, mwishoni mwa Injili, aliambiwa na Bwana ya kwamba atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake, na mtu mwingine atamfunga nguo na kumpeleka asikotaka. Mwinjilisti aeleza ya kuwa neno hili lilionyesha kifo chake. Lakini ni mzee gani asiyejiona ndani yake? Kufungwa nguo na mwingine, kupelekwa usikotaka: ndio uzee wenyewe. Bwana aliyajua hayo, wala hakumwambia Petro ya kwamba heshima yake imekwisha. Alisema ya kuwa hata katika hayo Mungu atatukuzwa.

Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake, aliwakumbusha ya kwamba viungo tunavyovionea haya ndivyo tunavyovivika kwa heshima zaidi. Lugha yetu nayo yafundisha neno hilo hilo, maana twaziita sehemu za siri. Paulo alikuwa akisema juu ya watu wanyonge katika kanisa. Basi mzee mnyonge apewe heshima iliyozidi, wala si ile iliyobaki baada ya wengine kugawiwa.

III. KATEKISIMO YATUFUNDISHA NINI?

Waalimu wa dini watapenda kujua fundisho hili lashikana wapi na Katekisimo Ndogo ya Dk. Martin Luther ya mwaka 1529. Twaona amri tatu.

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Heshima hiyo haiishi wazazi wanapoanza kujikojolea. Hapo ndipo inapojaribiwa kama ni ya kweli. Amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika kila shida ya mwili wake. Mzee anayeona haya huacha kunywa maji ili asiombe kupelekwa chooni, na kwa kukosa maji huugua. Hivyo aibu yaweza kuudhuru mwili kwelikweli. Amri ya nane yatuagiza kuilinda sifa ya jirani. Anayesimulia jikoni au njiani yale aliyoyaona kitandani amelivunja jina la mzee, hata ikiwa kila neno alilosema ni kweli.

Kanisa letu lina deni katika jambo hili. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha huko Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya wadiakonisa wa kuwauguza wagonjwa. Na mwaka 1854 mchungaji Wilhelm Löhe, Mluteri, akaanzisha nyumba kama hiyo huko Neuendettelsau. Kutoka katika nyumba za namna hiyo walitokea masista waliokwenda katika nchi nyingi, na kwetu pia, kuuguza na kufundisha kuuguza. Tulioirithi kazi yao tusiirithi nusu yake tu, ile ya maji na sabuni, tukaiacha nusu ya pili.

IV. NAMNA YA KUMWOGESHA MZEE KITANDANI

Haya twayaandika kwa ajili ya wote, maana hata jamaa wa nyumbani hawakufundishwa. Waliosomea uuguzi watayatambua.

1. Piga hodi, ungoje karibu. Hodi pasipo kungoja si hodi, ni tangazo la kuingia. Ikiwa mzee hawezi kusema, bisha, ngoja kidogo, ingia, utaje jina lako.

2. Mwambie unalotaka kulifanya, umwulize kama yu tayari. Mwite kwa jina la heshima alilolizoea: Mzee, Bibi, Mama Fulani. Usiseme naye kama na mtoto mchanga, wala usiseme na mwenzako juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

3. Weka vyote tayari: maji ya vuguvugu, sabuni, vitambaa viwili, taulo, shuka, nguo safi. Kisha funga mlango na dirisha, uvute pazia. Mahali pasipo pazia, kamba moja na kanga mbili zatosha.

4. Mfunike shuka mwili mzima, ndipo umvue nguo chini ya shuka. Funua kiungo kimoja tu, kioshe, kikaushe, kifunike, kisha uende kwenye kingine. Anza na uso, halafu shingo, mikono, kifua, tumbo, miguu na mgongo. Badilisha maji. Sehemu za siri huoshwa mwisho, kwa kitambaa chake peke yake, kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie katika njia ya mkojo.

5. Anachoweza kukifanya mwenyewe, mwachie akifanye. Mpe kitambaa mkononi. Wengi wasioweza kujiosha migongo bado waweza kujiosha sehemu zao za siri, nao wangependa kufanya hivyo, ila hakuna aliyewauliza. Ikiwa ni kazi ya dakika tano zaidi, dakika hizo ni sadaka njema.

6. Akiwa chooni, mfungie mlango, ukae karibu umsikie akiita. Ikiwa aweza kuanguka, mwambie kwa nini hapana budi ukae ndani, umfunike mapaja kwa taulo, uelekeze macho yako kwingine.

7. Mfuko wa mkojo ulioning'inizwa kitandani ufunikwe kwa kitambaa. Nepi ibadilishwe kwa siri, wala usiulize kwa sauti kuu mbele ya meza ya chakula kama Bibi amejichafua.

8. Simu ya mkononi ibaki nje ya chumba, ama mfukoni, imefungwa.

Juu ya nani amwogeshe nani, mila zetu zina neno. Katika makabila yetu mengi mwana wa kiume hamwogeshi mama yake, wala mkwe hauoni mwili wa mkwewe. Wako pia Waislamu katika nyumba hizi, na kwao stara ni jambo la dini. Basi mzee aulizwe mapema, siku aingiapo, kama apenda kuogeshwa na mwanamume au mwanamke, na neno lake liandikwe. Siku isipowezekana, aambiwe na kuombwa radhi, si kunyamaziwa.

Neno moja juu ya wazee walio na ugonjwa wa kusahau. Pengine mzee wa namna hii hupiga kelele akivuliwa nguo, hupiga na kuuma. Watu husema, “Ni mkali.” Mara nyingi si mkali. Haikumbuki nyumba hii, haujui uso huu, ila aona mgeni anamvua nguo zake. Je! wewe ungefanyaje? Amesahau mambo mengi, lakini haya hakuisahau. Asishindaniwe. Afunikwe, asemezwe taratibu, aachwe atulie, mtu arudi baadaye. Wala si kila siku lazima aogeshwe mwili mzima.

V. MANENO YA WANAOPINGA

Wengine husema, “Mficha uchi hazai.” Yaani mgonjwa sharti auonyeshe mwili wake ili asaidiwe. Twakubali. Lakini methali hii yamhusu mkunga na mganga; haikusema ya kwamba mlango wa mzazi uachwe wazi kwa wapitao njiani. Mzee amfunulie anayemsaidia, kwa kadiri ya msaada wenyewe, basi.

Wengine husema, “Sisi ni wachache, wazee ni wengi, saa hazitoshi.” Neno hili ni zito, wala hatulidharau, maana twajua ya kuwa katika nyumba nyingi mtunzaji mmoja huwa na wazee kupita nguvu zake. Lakini kufunga mlango hakuhitaji saa. Kuweka shuka juu ya mwili hakuhitaji mshahara mwingine. Na pale ambapo wachache kweli hawawezi, lawama si yao peke yao, bali ni ya wenye nyumba, na yetu sisi tusiouliza.

Tena wengine huogopa ya kwamba mlango uliofungwa waweza kuficha maovu. Hofu hii ni ya haki. Kwa hiyo tutenganishe siri na siri. Iko siri ya heshima: makovu ya mzee, udhaifu wa tumbo lake, machozi yake. Hiyo huzikwa moyoni mwa mtunzaji. Na iko siri ya uovu: alama za kupigwa, vidonda vya kulala muda mrefu upande mmoja, mzee aliyelala katika mkojo tangu usiku. Hiyo haifichwi hata siku moja; yapasa mwuguzi mkuu na daktari waambiwe siku iyo hiyo, nayo iandikwe. Anayeificha hamsitiri mzee, ajisitiri mwenyewe. Pazia laning'inizwa kwa ajili ya mzee, si kwa ajili ya mkosaji.

VI. SHERIA ZA NCHI ZASEMAJE?

Yatufaa kujua ya kwamba hata serikali zimeliona jambo hili. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni 18 kwa ajili ya wazee. Mojawapo yataka mzee anayekaa katika nyumba yo yote ya kutunziwa apewe heshima yake kamili, na faragha yake pia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake na maisha yake ya faragha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, yawataja wazee waziwazi, ya kwamba waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa.

Huko Ujerumani, mwaka 2005, ilikamilishwa hati ya haki za watu wanaohitaji kusaidiwa na kutunzwa. Ina sehemu 8, na sehemu ya tatu yote ni juu ya faragha na haya ya mtu. Huko Marekani sheria ya mwaka 1987 iliziagiza nyumba za wazee zinazopokea fedha za serikali kulinda haki za wakazi, na kanuni zake zaitaja faragha wakati wa kuogeshwa na kusaidiwa mwili. Lakini baadaye wako watunzaji walioonekana wakipiga picha za wazee uchini mwao na kuwapelekea rafiki zao kwa simu ili wachekwe. Ndipo mwaka 2016 serikali ya Marekani ilipowaandikia wakaguzi wake, ikatangaza ya kwamba picha kama hizo ni mateso, na ya kwamba kila nyumba iwe na agizo la kuzikataza.

Tazameni: sheria ilikuwako karibu miaka 30, na bado Hamu alitoka nje. Sheria yaweza kuagiza pazia. Haiwezi kuyageuza macho. Hilo ni kazi ya moyo uliofundishwa, na hapo ndipo kanisa linapoitwa.

VII. USHARIKA UFANYE NINI?

Kwanza, tunapowazuru wazee, tupeleke habari mapema, tufike saa tuliyoagana, tubishe hodi katika kila mlango. Tukikuta mtu anaogeshwa, tutoke nje tungoje, hata mchungaji mwenye Meza ya Bwana mkononi. Bwana mwenyewe, alipomfufua binti wa Yairo, aliwatoa watu wote nje, akabaki na wazazi wa mtoto na wanafunzi watatu. Ikiwa yeye aliona vema chumba cha mgonjwa kisijae watu, sisi ni nani hata tukijaze?

Pili, tuache kuwapiga wazee picha vitandani mwao tunapowapa zawadi. Wengi huwekwa katika picha pamoja na kipande cha sabuni, nguo zimewafunguka, wala hakuna aliyewauliza. Mzee aliyepokea sukari hakuuza uso wake kwa sukari hiyo. Anayetaka picha na aulize kwanza, amvike vizuri, na akikataliwa anyamaze.

Tatu, umoja wa akina mama na vijana washone mapazia. Waende, wapime vitanda na madirisha, walete nguo na kamba. Zawadi hii haiishi kama sukari.

Nne, waalimu wa dini wawafundishe vijana wanaokwenda kufanya kazi hii, hapa na ng'ambo, wajue ya kwamba wanakwenda kushika kazi takatifu, si kazi ya aibu. Anayewacheka kwa sababu wanabadilisha nepi za wazee hajasoma Yohana 13.

Wazee wetu wana methali: Mwosha huoshwa. Ilisemwa juu ya anayeosha maiti, ya kwamba naye siku yake itafika, ataoshwa na wengine. Lakini yawafaa na walio hai. Mikono inayomvua mzee nguo leo, kesho haitaweza kufunga kifungo chake yenyewe. Na siku hiyo tutapenda mtu abishe hodi, atuite kwa jina, atufunike shuka. Lakini sisi Wakristo tuna sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. Bwana wetu mwenyewe alivuliwa nguo mbele ya watu, na askari wakazipigia kura. Aliyatwaa hayo kwa ajili yetu, naye alisema ya kwamba anayemvika mmoja wa wadogo aliye uchi amemvika yeye. Basi chumba kile chenye beseni na taulo si mahali padogo. Tubishe hodi, tungoje.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Shemu na Yafeti walifanya nini kabla ya kuingia hemani? Twajifunza nini kwao?
2. Kwa nini Bwana hakumwosha Petro mikono na kichwa?
3. Eleza tofauti ya siri ya heshima na siri ya uovu. Toa mfano wa kila moja.
4. Amri ya nane yamhusuje mtu anayetunza wazee?
5. Katika usharika wetu, ni nani anayeogeshwa na mwingine? Nani anamsaidia yeye amwogeshaye?

SALA

Bwana Yesu, wewe uliyejifunga taulo ukawaosha wanafunzi wako, na msalabani ukavuliwa nguo kwa ajili yetu, uwafunike wazee wetu kwa heshima yako. Uwape watunzaji wao mikono ya upole, macho yenye haya na vinywa vinavyonyamaza. Utusamehe tulioingia pasipo kubisha. Na siku yetu itakapofika, utupe mtu wa kutusitiri, hata utakapotuvika mavazi yasiyovuliwa tena. Amin.